Kilima kwenye grafu: kisa cha mwanafunzi aliyepata hesabu zote akakosa mchoro

Mazingira yenyewe

Shule ni ya kata, ipo upande ule wa nchi ambako mvua ikishakata vumbi ndo linakuwa mwenyeji. Jina la shule, wilaya na mwaka naviacha, na mwanafunzi mwenyewe nitamwita K tu, awe wa kiume au wa kike haibadilishi kitu. Kidato cha pili, wanafunzi 60 na kitu, dawati moja wanakaa watatu. Mimi ndo mwalimu wa fizikia, mwaka wa nne kazini, yaani ile hatua mtu unaanza kujiona kazi umeshaijua.

Topiki ilikuwa mwendo kwenye mstari mnyoofu: umbali, kasi, velositi (yaani kasi pamoja na upande unaoelekea), mchapuko (velositi inavyobadilika kila sekunde), zile fomula tatu za mwendo, halafu mwishoni grafu. Grafu huwa zinakuja mwishoni na huwa tunazikimbiza, nakiri, kwasababu muda unakuwa umeisha na mtihani uko mlangoni. Maabara tunayo ya jina. Ile tiketa taima ya kupiga doti kwenye utepe ipo kabatini lakini transfoma yake iliungua kabla mimi sijafika. Na ni kifaa kizuri sana kile, umeme wetu ni hertz 50 kwa hiyo kinagonga doti kila sekunde 0.02, unavuta utepe unaona mwendo umeandikwa mbele yako. Sasa ndo hivyo, kimelala.

K hakuwa mwanafunzi dhaifu. Huyu ni wale ukiuliza swali mkono uko juu kabla hujamaliza, fomula zote kichwani, na wenzake wanakopi kwake. Ningeambiwa nitaje watano walioelewa topiki hii bila kufungua daftari la maksi ningemtaja wa kwanza.

Jaribio lililofichua mambo

Nilitunga jaribio fupi, swali la mwisho lilikuwa hivi: mtu wa baiskeli anapanda kilima kwa mita 2 kwa sekunde bila kubadilika, kwa sekunde 20. Akifika juu anakuta tambarare, anaenda mita 4 kwa sekunde kwa sekunde 20 nyingine. Kisha anashuka upande wa pili, kasi inaongezeka sawasawa mpaka mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 12. (a) Tafuta mchapuko wakati wa kushuka. (b) Tafuta umbali aliokwenda akishuka. (c) Chora grafu ya velositi na wakati kwa safari nzima.

K kwenye (a) alitoa 4 kwenye 10 akagawa kwa 12, akapata 0.5, na yuniti kaweka vizuri. Kwenye (b) akachukua ile fomula yenye velositi mbili zenye kipeo, 100 = 16 + 2 × 0.5 × s, akapata mita 84. Safi kabisa, mpaka nikaweka vema kubwa. Halafu nikafunua ukurasa wa pili.

Alichora kilima.

Laini inapanda kutoka sifuri, juu inalala kidogo, halafu inashuka mpaka chini. Mhimili wa wima kaandika velositi, wa ulalo kaandika wakati, skeli kaweka, rula katumia. Kila kitu kipo ila mchoro ni wa barabara, sio wa mwendo. Jibu lenyewe lilitakiwa liwe karibu kinyume chake: laini iliyolala chini kwenye 2 wakati jamaa anapanda, nyingine imelala kwenye 4, halafu ile ya kushuka ndo inapanda kutoka 4 kwenda 10. Yaani pale kwenye mteremko, ambapo yeye kaishusha laini mpaka sifuri, ndo mtu wa baiskeli anakimbia kuliko sehemu zote.

Na kumbuka ukurasa wa kwanza K huyohuyo kakokotoa kwamba mwisho wa kushuka velositi ni 10. Majibu mawili yanayopingana kwenye karatasi moja na yeye hajashtuka. Nikapitia za wengine, vilima vimejaa. Kama robo tu ya darasa ndo walichora kitu kinachoeleweka.

Nilivyoanza kutibu, na kwanini nilitibu hivyo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kivivu, niseme tu. Nikawapa maswali 20 ya ziada ya velositi na mchapuko. Kwanini? Kwasababu ndo kitu naweza kusahihisha haraka kwa watoto 60 na kitu, na kwasababu kichwani kwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba hawajafanya mazoezi ya kutosha. Wakafanya. Hesabu zikawa nzuri zaidi, grafu zikabaki vilimani.

Uamuzi wa pili, nikachora ubaoni grafu sita sahihi, kila moja na jina lake: kasi moja, kasi inaongezeka, kasi inapungua, amesimama, na kadhalika, nikasema nakilini. Wiki iliyofuata nikabadilisha stori, nikaweka lori linaloondoka mzani halafu linafunga breki kwenye tuta. K akanichorea vizuri kabisa grafu ya tatu kati ya zile sita, ambayo haikuwa na uhusiano na lori langu. Alikuwa amekariri maumbo kama mtu anavyokariri alama za barabarani.

Hapo nikamwendea mwalimu mwenzangu wa hisabati nikimlaumu kidogo kwamba gradienti hawajui. Akanitolea madaftari. Gradienti wanaijua, badiliko la y gawanya kwa badiliko la x, wanapata vema zote. Akaniambia, "Kwangu hiyo ni namba tupu, haina yuniti. Wewe ndo unatakiwa uwaambie namba hiyo inaitwa nani." Niliondoka nimenyamaza.

Uamuzi wa tatu ndo ulioanza kuzaa kitu, na ulikuwa mdogo tu, nilimwita K wakati wa mapumziko tukakaa chini ya mwembe na karatasi yake. Sikumsahihisha. Nikamwambia nisimulie mchoro wako kwa Kiswahili, kama unamsimulia mdogo wako. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza na K anajibu kwa Kiingereza cha kukariri kilichonyooka, kwa hiyo sikuwahi kusikia anachowaza hasa.

Akaweka kidole mwanzo wa laini. "Hapa anapanda, mwalimu. Hapa kafika juu. Hapa anashuka."

"Huu mhimili wa wima umeandika nini?"

"Velositi."

"Sasa weka kidole hapo juu kabisa. Velositi ikoje?"

"Kubwa."

"Na mtu wetu yuko wapi?"

"Juu ya kilima... tambarare." Akanyamaza. Akarudisha kidole mwanzo. "Na hapa mwisho velositi ni sifuri. Lakini si alikuwa na 10?" Akaniangalia kama mimi ndo nimemchezea. "Mwalimu, kwani hii sio njia?"

Hilo swali ndo kisa chote. Kwani hii sio njia. Kwa K karatasi ilikuwa ardhi na laini ilikuwa barabara imekatwa ubavuni, kulia ni mbele na juu ni juu. Mhimili wa ulalo alikuwa anauandika "wakati" kwasababu mwalimu anataka, ila machoni kwake ulikuwa mita.

Maneno yangu mwenyewe yalivyochangia

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu iliyoniuma.

Nikifafanua grafu kwa Kiswahili nilikuwa nasema "angalia mteremko wa grafu". Mteremko! Neno langu mwenyewe lilikuwa linampeleka mtoto mlimani halafu nashangaa kumkuta huko. Kwa mtu yeyote anayeongea Kiswahili nyumbani mteremko ni mahali baiskeli inashuka bila kupiga pedali. Sasa ukimwambia mteremko mkubwa unamaanisha mchapuko mkubwa anakuelewa kabisa, ila anaelewa kitu kingine, kwamba barabara ikiwa kali baiskeli itakimbia. Na ni kweli pia! Ndo ubaya wake, maana haisikiki kama kosa.

Neno "mwendo" nalo ni zigo. Tunasema mwendo wa saa mbili tukimaanisha umbali, tunasema punguza mwendo tukimaanisha kasi, tunasema topiki ya mwendo tukimaanisha kuhama kwenyewe. Mambo matatu yanaishi chumba kimoja. Na siku hizi ukisema mwendokasi nusu ya darasa wanawaza yale mabasi ya Dar yaliyoanza 2016. Nilikuja kuwatania kwamba basi la mwendokasi likishakaa kwenye njia yake linatembea kasi ileile bila kubadilika basi mchapuko wake ni sifuri, wakacheka, ila mmoja akauliza kwa uchungu kabisa, "Sifuri wakati linakimbia?" Ndo hapo sasa. Kwao mchapuko ulikuwa kukimbia sana, wakati mchapuko ni kasi inabadilika kiasi gani kwa kila sekunde. Daladala inayoondoka kituoni inaweza kuwa na mchapuko mkubwa kuliko basi linalopita kwa kilomita 80 kwa saa, japo daladala bado iko taratibu.

Nikaamua toka siku hiyo nasema "mwinamo wa laini", na nikilitaja lazima niseme na yuniti yake palepale. Mwinamo kwenye grafu ya umbali na wakati ni mita kwa sekunde, hiyo ni velositi. Mwinamo kwenye grafu ya velositi na wakati ni mita kwa sekunde kwa kila sekunde, huo ni mchapuko. Mwenzangu wa hisabati alikuwa sahihi, namba inataka jina.

Chupa, baiskeli na vumbi

Kama tiketa taima haipo basi tutengeneze. Wazo lilikuwa chupa ya maji ifungwe kwenye keria ya baiskeli, idondoshe tone kila baada ya muda uleule, na vumbi la uwanjani ndo liwe utepe. Matone yakikaribiana baiskeli iko taratibu, yakiachana inakimbia.

Siku ya kwanza iligoma, na iligoma kwa namna ambayo sasa naiona ni bahati. Tulitoboa kizibo kwa sindano, tukaigeuza chupa kichwa chini, matone yakaanza. Nikamwambia mwanafunzi anayejua baiskeli aende kasi moja tu, asiongeze asipunguze. Akaenda vizuri. Tukaangalia chini, matone yanazidi kuachana, mwishoni hata hayaonekani. Darasa zima likasema kachapuka. Yeye akakataa mpaka karibu kulia. K ndo aliyeenda kuchuchumaa pembeni ya chupa iliyosimama akawa anahesabu, akasema, "Mwalimu, chupa ndo inachelewa." Kweli, hewa haikuwa inaingia, maji yakitoka kidogo ndani kunakuwa kama kunafyonza, tone linazidi kukawia mpaka linagoma kabisa. Saa yetu ilikuwa inapunguza mwendo wenyewe. Sidhani kama ningeweza kupanga somo zuri zaidi la kwanini muda ndo unakaa kwenye mhimili na unatakiwa uaminike.

Siku ya pili nikanunua mpira wa dripu duka la dawa, ule wenye kagurudumu ka kubana na kufungulia, tukatoboa tundu la hewa kwenye kitako cha chupa, tukabana mpaka tone moja kwa sekunde, na tukawa tunahesabu matone kwa sekunde 30 kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Ncha ya mpira tukaishusha karibu na ardhi ili tone lisirushwe mbele sana na mwendo wa baiskeli. Tulifanya asubuhi kabla jua halijakausha, na nyuma ya baiskeli watoto wanakimbia kila mmoja anaweka kizibo cha soda juu ya tone lake.

Safari ya K ilitoa nafasi hizi kati ya tone na tone, kwa mita: 0.8, 1.3, 1.9, 2.4, 3.0, 3.0, 3.1, 2.9, 1.8, 0.7. (Tone la kwanza lilidondoka baiskeli ishaanza kutembea, msije mkaniuliza mbona haikuanza na sifuri.)

Sasa hizi namba tungeziweka kwenye grafu moja kwa moja tungerudi kulekule. Nikawaomba walete ukindu, maana kwao kusuka mikeka ni kazi ya kila nyumba. Kila nafasi tukaikatia kipande kwa skeli ya sentimita 10 kwa mita moja, kwa hiyo 0.8 ni kipande cha sentimita 8, na 3.0 ni cha sentimita 30. Tukavibandika kwenye manila vimesimama wima pembeni kwa pembeni kwa mpangilio wa matone.

Ikatokea yenyewe. Vifupi, virefu zaidi, virefu zaidi, vinne vimelingana karibu sawa, halafu viwili vinashuka. Nikauliza kipande kimoja ni nini. Ni mita alizokwenda ndani ya sekunde moja. Na hiyo tunaiitaje? Wakaangaliana, mmoja akasema velositi, kwa sauti ya mtu anayehofia kuchekwa. Kwa hiyo ncha za juu za ukindu ukiziunga kwa penseli unapata grafu ya velositi na wakati, na uwanja wetu wote ni tambarare, hakuna kilima popote, lakini laini imepanda na imeshuka. Hapo ndo nilimwona K anatikisa kichwa taratibu. Kilima kimepatikana mahali pasipo na kilima.

Mchapuko ukawa ni kila kipande kimekizidi cha nyuma yake kwa kiasi gani: sentimita 5, 6, 5, 6, yaani kama mita 0.55 kwa sekunde kwa kila sekunde. Halafu karibu sifuri. Halafu pale breki zimeshikwa hasi 1.1 mara mbili. Hakuna fomula, unaweka rula juu ya ncha za ukindu tu.

Na eneo chini ya grafu, ambalo miaka yote nilikuwa nalitaja kama amri ya serikali, safari hii lilikuwa bure. Nikamwambia mtoto mmoja abandue vipande vyote avipange kimoja mbele ya kingine sakafuni. Sentimita 209. Tukatoka na tepu uwanjani, kizibo cha kwanza mpaka cha mwisho: mita 20.9. Umbali wote ulikuwa umekaa ndani ya ule mkeka. Kwa watakaouliza, hata Galileo hakuwa na saa ya sekunde, alipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika wakati tufe linabingirika kwenye ubao ulioinamishwa, na maelezo yake yakachapwa 1638. Niliwaambia hilo ili wasijione wanafanya mambo ya kimaskini.

Kuvunja lile wazo la mchapuko ni mbio

Bado kulikuwa na wale wa "sifuri wakati linakimbia". Nikaleta namba za Usain Bolt, Berlin 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58. Mita 10 za kwanza zilimchukua 1.89, na humo ndani kuna kusubiri mlio wa bastola. Zilizofuata ni 0.99, 0.90, 0.86, 0.83, 0.82, 0.81, 0.82, 0.83, 0.83. Wakapiga hesabu wenyewe. Kasi kubwa kabisa ni kati ya mita 60 na 70, kama mita 12.3 kwa sekunde, ni kilomita 44 kwa saa, bodaboda ya mjini kabisa. Nikauliza mchapuko mkubwa uko wapi? Nusu wakasema hapohapo kwenye 0.81. K akasema mwanzoni, alipokuwa "bado yuko taratibu lakini anabadilika sana". Hayo maneno niliyaandika ubaoni kama yalivyo. Kwenye 0.81 mchapuko ndo umeisha, na kwenye zile 0.83 za mwisho ni hasi kidogo, wakati grafu yake ya umbali inaendelea kupanda mpaka utepe.

Jiwe la kurushwa juu nililigusa haraka, na haraka hiyo ilinigharimu. Velositi juu kabisa ni sifuri, mchapuko ni uleule karibu 10 kuelekea chini muda wote, laini moja iliyonyooka inayokata mhimili. Wakaitikia ndiyo mwalimu. Nilijua ile ndiyo ni ya kengele ya chakula.

Matokeo

Jaribio la marudio: bibi anatoka kisimani, anatembea mita 1 kwa sekunde kwa sekunde 60, anapumzika sekunde 30, anakumbuka kasahau kata yake ya kuchotea maji, anarudi kwa mita 1.5 kwa sekunde kwa sekunde 40. Chora umbali toka kisimani na wakati, kisha velositi na wakati.

K alipata zote mbili. Kwenye ya pili laini ya mwisho imelala chini ya mhimili kwenye hasi 1.5, na pembeni kaandika bila kuulizwa: juu 60, chini 60, karudi kisimani. Zaidi ya nusu ya darasa nao walipata. Waliokosa wengi hawakuchora tena njia, kosa lao lilikuwa jipya: kurudi kwa bibi walikuonyesha kwa laini inayoinama kwenda chini kutoka sifuri, kana kwamba anazidi kukimbia. Kosa hilo ni afadhali mara mia, maana anaongea na mhimili sahihi ila kachanganya kurudi na kubadilika.

Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula kulikuwa na swali la jiwe. K akaandika kwamba juu kabisa mchapuko ni sifuri. Na wengine wengi.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichogoma

Kilichosaidia kuliko vyote ni yale mazungumzo ya dakika 10 chini ya mwembe, na hayakugharimu chochote. Chupa na ukindu ni vizuri lakini nisingejua nivitumie kutibu nini kama sikumsikia K akisema "kwani hii sio njia". Nilikuwa nimedanganywa na ile vema kubwa ya mita 84. Fomula zinamruhusu mtoto kufika kwenye jibu bila kupita kwenye mwendo wenyewe, na mimi nikawa nasahihisha kufika tu.

Ukindu ulifanya kazi kwasababu grafu haikuwa mchoro wa kusoma, ilikuwa kitu kilichokatwa uwanjani. Mtoto akiona kipande anakumbuka vizibo vyake. Ila una kasoro. Kila kipande ni sekunde moja, kwa hiyo urefu wa kipande ndo umbali na ndo kasi kwa pamoja, na nilipokuja kuwapa grafu yenye hatua za sekunde 5 baadhi wakajumlisha urefu tu bila kuzidisha na muda. Ningerudia ningebana dripu siku nyingine iwe tone moja kila sekunde mbili, ili walazimike kugawanya.

Jingine la aibu, siku ya kwanza baiskeli ilishikwa na wavulana na wasichana wakawa wa vizibo, mpaka nilipoingilia. Muda nao, vipindi vitatu vya dakika 40 kwa kitu ambacho andalio langu la somo lilikipa kipindi kimoja. Wale wachache walioelewa toka mwanzo walichoka, na sikuwa na kitu cha kuwapa.

Kwenye jiwe sina cha kujitetea. Baiskeli walipanda, bibi wa kisimani wanamjua, jiwe niliwaambia kwa mdomo. Ningekuwa nimewapa hata zile namba za sekunde kwa sekunde, rusha kwa 20, baada ya sekunde moja 10, kisha 0, kisha hasi 10, wakazikatia ukindu na kuvibandika vingine chini ya mstari, wangeona tofauti kati ya kipande na kipande haijawahi kuwa sifuri, hata pale katikati.

Na swali langu la kilima lenyewe lina kasoro ambayo sikuiona mimi. Baada ya mitihani K alinifuata nje ya ofisi ya walimu na karatasi ile ya kwanza kabisa, imeshakunjika, juu ya kilima chake kachora kwa penseli nyekundu grafu iliyo sahihi.

"Shikamoo mwalimu. Huyu mtu wako wa baiskeli alikuwa 2, halafu ghafla 4. Alifikaje 4 bila kupita 3?"

Nikaiangalia. Laini imelala kwenye 2, halafu inaruka wima kama ukuta mpaka 4. Mwinamo wa ukuta huo ni mita 2 kwa sekunde gawanya kwa muda wa sifuri. Nikamjibu marahaba, nikamwambia swali lile nilitunga kwa dakika tano nikinywa chai.

"Kwa hiyo hapa nikunje?" akauliza, kaweka penseli kwenye kona.